Sikio la Gasketi

Siku walipokuja kumuua Leonsi, walianza kwa kusalimia.

"Shikamoo bibi," alisema Felisiani, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, na wenzake waliokuwa nyuma yake wakaamkia mmoja mmoja, kila mtu na shikamoo yake, kama watoto wa Ufipa wanavyofunzwa tangu wakiwa mgongoni. Mama Agnesi aliwaitikia wote, marahaba, marahaba baba, marahaba, mkasi ukiwa bado mkononi na kadi ya harusi ikiwa nusu imekatwa. Alidhani wamekuja kumweleza utaratibu wa mazishi ya mwenzao aliyefariki alfajiri. Kisha akaona Felisiani amezungusha mnyororo wa pikipiki kwenye ngumi, na nyuma ya umati mtu amebeba tairi bovu begani.

"Mwanao yuko wapi, bibi?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Leonsi alikuwa pale pale nyuma ya benchi, amechuchumaa, grisi hadi kwenye viwiko, anawatazama watu ambao pikipiki zao alizijua kwa mlio.

Banda lake lilikuwa Malangali, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza. Mabati juu ya miti ya mkaratusi, benchi, na kipande kizito cha chuma cha lori alichokitumia kama fuawe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake alikuwa akisema kwamba Mungu alipokuwa akigawa maneno, Leonsi alikuwa uvunguni mwa pikipiki. Lakini mikono yake ilisema yote.

Vijana wa bodaboda walimpenda kwa sababu ya gasketi. Chini ya kabureta pana kibakuli kidogo inamokaa petroli, na kati ya kibakuli na kabureta hukaa gasketi, kijipande chembamba cha kuziba ili petroli isivuje. Ikichanika, dukani hawakuuzii hiyo peke yake. Watakuambia ununue seti nzima, au kabureta nzima, na mtu anayebeba abiria wa sokoni atapata wapi? Leonsi alizikata mwenyewe, kwa kadi za michango ya harusi.

Hakuna nyumba Sumbawanga isiyo na kadi za michango. Huja na maua ya dhahabu na majina ya bwana na bibi harusi, na sherehe ikipita hubaki zimelala kabatini bila kazi. Mama Agnesi alipita nyumba kwa nyumba akiziomba. Kadi ya harusi ni ngumu, laini, tena haina unene wa kupita kiasi. Leonsi aliilaza juu ya mdomo wa kabureta, akaigonga pembeni kwa nyundo ndogo, polepole, hadi ukingo wa chuma chenyewe uikate kadi kwa umbo lake. Matundu ya skrubu aliyatoboa kwa bomba la mwavuli alilolinoa mdomo. Kisha mama alisawazisha kwa mkasi na kuisugua sabuni ya mche pande zote mbili, kwa sababu petroli huyeyusha mambo mengi, lakini sabuni ya mche huishindwa.

Na kila gasketi ya Leonsi ilikuwa na sikio. Kijiulimi kidogo kama ukucha wa mtoto, kilichochomoza nje ya ukingo. Mafundi wengine walimcheka. Siku moja mama yake alimuuliza la nini.

"Atakayefungua baada yangu," Leonsi alisema, "avute hapo. Asichokoe na bisibisi akaikwaruza kabureta."

Mama Agnesi aliyaweka maneno yale moyoni. Mtu anayemfikiria fundi mwenzake asiyemjua, atakayefungua siku asiyoijua, mtu huyo hajalelewa bure.

Mcheshi kuliko wote alikuwa Christopha, kijana wa Ilemba kule bondeni, aliyepandisha mchele mjini kwa pikipiki kupitia mlima wa Lyamba lya Mfipa.

"Bibi, leo umenifungia harusi ya nani?"

"Ya Jenifer na yule mwalimu."

"Aa, bibi, mbona unaniua? Ndoa ile imevunjika kabla ya Pasaka. Nipe yenye upendo, mlima ule ni mkali."

Akacheka hadi kofia ikamdondoka. Mama Agnesi akamtafutia nyingine, ya wazee fulani waliobariki ndoa yao wakiwa na wajukuu, naye akaibusu kabla Leonsi hajaifunga.

Pikipiki ile walichangia na kaka yake, Valerian. Christopha akiwa na abiria mjini, Valerian alikuwa shambani. Christopha akipumzika, Valerian aliichukua kwenda Milepa na vijiji vya jirani. Kila mavuno mama yao, Kristiana, alimpelekea Mama Agnesi mchele mpya kwenye kitambaa kilichofungwa mafundo mawili, na Mama Agnesi alirudisha kitambaa na unga wa ulezi ndani yake, kwa sababu kitambaa cha watu hakirudi kitupu. Wanawake hawa wawili walikuwa wameonana ana kwa ana mara chache sana, lakini kitambaa kilikuwa kikipanda na kushuka mlima miaka na miaka.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Valerian alipita bandani amelowa chapachapa, anaelekea bondeni. Leonsi alikuwa ametoka. Mama Agnesi alimpa chai, akamwanikia koti karibu na jiko la jirani yao Zita, muuza maandazi. Alipokuwa anaondoka, akamtilia mfukoni gasketi kuukuu ya kabureta yao, kadi kadhaa za harusi na kipande cha sabuni.

"Njia ni mbovu, baba. Ikichanika huko, hii ndiyo sampuli. Ilaze juu ya kadi, zungusha kalamu, kata. Sikio usilisahau."

"Sitalisahau, bibi," alisema Valerian, na akamshukuru kwa mikono miwili.

Halafu ukaja moto. Christopha alikuwa anaupandisha mlima na gunia la mchele nyuma. Waliokuwa njiani walisema kwamba petroli ilikuwa ikidondoka kwenye injini ya moto, naye hakuiona kwa ukungu, na pikipiki ikashika ghafla kama bua la mahindi. Koti lake la mvua lilikuwa la nailoni. Likayeyuka likamganda mwilini. Wanawake waliokuwa wakipeleka kuni walimmwagia udongo kwa mikono yao hadi viganja vikababuka, wakamtoa akiwa hai. Alilala hospitali akiita jina la mkewe, kisha akaacha kuita. Alfajiri ya siku hii alifariki. Hawa waliosimama bandani sasa walikuwa wametoka moja kwa moja chumba cha maiti, na harufu waliyoinusa kule ilikuwa bado iko nao.

Felisiani aliweka kitu mezani kikalia ko. Kabureta, nyeusi kwa masizi, udongo umegandia kila upande.

"Fungua."

Leonsi aliichukua. Alilegeza skrubu moja moja akazipanga kwenye kifuniko, kama alivyozoea, ili zisipotee. Kibakuli kikaachia. Pembeni, likiwa limeungua nusu lakini linaonekana na kila mtu, lilichomoza sikio.

Umati ukavuta pumzi kwa pamoja.

"Hili sikio la nani?" Felisiani aliuliza.

"Sikio kama langu," Leonsi alisema. "Lakini gasketi hii siyo yangu. Mimi sikati..."

Mnyororo ukampiga mdomoni. Meno yakalia kama punje kwenye kikaango. Neno alilotaka kulisema likabaki na damu, na hakuna aliyelisikia.

Lakini Mama Agnesi hakuhitaji kulisikia. Alikuwa karibu, na macho yake bado yalitunga uzi kwenye sindano. Gasketi iliyokuwa pale haikuwa kadi. Ilikuwa imevimba, nene, imejikunja kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Ilikuwa mpira wa tyubu. Vijana wa bodaboda huuamini mpira wa tyubu kuliko ndugu zao. Ni kamba ya mzigo, ni bawaba ya mlango, ni mkanda wa suruali. Hauruhusu maji kupita. Lakini petroli siyo maji, na mpira ukilala ndani ya petroli hulegea, ukavimba, ukajitoa mahali pake, ukavuja. Leonsi asingeukata hata kwa kushikiwa panga. Na sikio lililokuwa juu yake lilikuwa limekatwa kwa mkono wa mtu aliyefuata sampuli.

Akamtafuta Valerian kwa macho. Alikuwa amesimama pembeni ya Felisiani, midomo myeupe, anaitazama ile gasketi kama mtu anayemtazama nyoka akitoka kitandani mwake. Kisha, kabla mtu mwingine hajanyanyua mguu, yeye ndiye aliyeruka benchi.

Alimpiga Leonsi kichwa cha pua. Leonsi akaanguka juu ya mapipa ya oili, na hapo wakamvamia wote. Viatu vya mvua, spana, kigingi cha mti. Mmoja aliinua shokomzoba zima la pikipiki akamshushia mgongoni, na sauti iliyomtoka Leonsi haikuwa ya mtu mzima, ilikuwa ya siku ile alipokuwa na miaka michache akaungua kwa uji. Mama Agnesi alijitupa katikati yao. Kiwiko kikampata shavuni, goti likampata ubavuni, akawa chini kwenye matope ya oili huku miguu inampita juu.

Mtu akamwinua. Mikono miwili ilimshika kwapani, ikamtoa kwa upole, ikamkalisha kwenye kiti chake. Kijana yule, Benjamini, alimpangusa hata vumbi la khanga.

"Samahani bibi. Kaa hapa, usije ukaumia."

Akarudi kupiga.

"Mkono," mtu alisema. "Mkono uliokata."

Wakauburuta mkono wa kulia wa Leonsi hadi kwenye fuawe. Benjamini alishika kiganja, mwingine akakalia kiwiko. Valerian alichukua nyundo ndogo ya gasketi kutoka kwenye msumari wake, ile ambayo ilikuwa haijawahi kugonga kitu kwa nguvu tangu inunuliwe. Akaishusha. Akaishusha tena. Vidole vilisikika. Leonsi alijinyonga chini kama samaki, na Benjamini, ambaye hakukiachia kiganja, aligeuza uso akafumba macho, machozi yanamtoka. Valerian alikuwa anapiga huku anasema maneno ambayo hayakuwa maneno, na alipiga kwa haraka, kama mtu anayejua kwamba akipumzika kidogo atalazimika kufikiri.

Felisiani akachukua kopo la petroli lililokuwa chini ya benchi, la Leonsi mwenyewe, la kuoshea kabureta. Akalimwaga. Petroli ilimshuka Leonsi kichwani, ikaingia kwenye jeraha la mdomo, ikamlowesha shati hadi kiunoni. Tairi likatupwa karibu.

"Benja, kiberiti."

Mama Agnesi alifungua mdomo.

Lilikuwa jina moja tu. Angelitamka kwa sauti, Leonsi angeinuka. Aliona kabisa jinsi mambo yangeendelea: vichwa vyote vingegeuka, na petroli ilikuwa imeshamwagika, na kiberiti kilikuwa kimeshatoka mfukoni, na watu hawa wasingerudi nyumbani mikono mitupu. Wangebadilisha mwili tu. Na kule bondeni palikuwa na mwanamke aliyempoteza mtoto mmoja alfajiri, ambaye labda saa ile alikuwa anatafuta kitambaa cha kujifunga kichwani. Mama Agnesi alimpenda mwanawe kuliko pumzi yake. Lakini ulimi haukumpeleka.

Badala yake alipiga magoti.

Alipiga magoti mbele ya kijana wa kwanza aliyekuwa karibu, aliyeshika jembe, akainamisha kichwa, akakutanisha viganja na kuvipiga taratibu, pa, pa, pa, kama wanawake wa Kifipa wanavyowaamkia wakubwa wao. Akamwamkia kwa Kifipa.

Kijana yule akarudi nyuma. "Bibi, inuka. Inuka bwana, unatutakia laana?"

Lakini salamu ya Ufipa haikatizwi. Ukiulizwa za nyumbani, utajibu za nyumbani. Ukiulizwa za shamba, utajibu za shamba, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Na hakuna aliyewahi kuona mwanamke wa umri ule akimpigia magoti mjukuu. Kijana akajibu, kwa sauti ndogo. Mama hajambo. Mahindi yamestawi. Jembe lake likaanguka.

Akaenda kwa wa pili, kwa magoti yale yale, juu ya skrubu na vigae vya taa. "Mwanangu, umeamkaje? Mtoto ameshatembea?"

"Ameanza kushika ukuta, bibi."

"Mungu amkuze."

Huko nyuma, wale waliokuwa hawaoni walikuwa bado wanapiga kelele. "Choma, mnangoja nini?" Tofali likaruka juu ya vichwa, likamgonga bibi begani. Akayumba, akaushika mkono wa kushoto uliokufa ganzi, akaupandisha ukutane na wa kulia. Pa, pa.

"Benjamini baba. Mguu wa mama yako unaendeleaje?"

Benjamini alikuwa ameshawasha njiti. Aliitazama, akamtazama bibi. "Unapata nafuu kidogo," alisema. "Ile dawa uliyomletea... imemsaidia." Njiti ikamuunguza kidole, akaitupa nyuma yake, mbali, kwenye matope, akaikanyaga.

"Felisiani baba, habari za nyumbani?"

"Bibi, usinifanyie hivi."

"Habari za nyumbani, baba?"

Mishipa ilimtoka Felisiani shingoni. "Nzuri," alisema hatimaye, kwa hasira, kama mtu anayetema jino.

Akafika kwa Valerian. Alikuwa bado amesimama kando ya fuawe, nyundo mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Mama Agnesi akapiga viganja. Akainama chini kabisa, hadi paji la uso likakaribia viatu vyake, na akauliza kwa sauti ya yeye peke yake, kama sehemu ya salamu, baina ya za mama na za shamba:

"Na zile kadi nilizokupa, baba. Zililowa?"

Mama Agnesi hakuinua kichwa. Alingoja, kama unavyomngoja mgeni mlangoni amalize kufuta miguu.

"Zililowa," Valerian alisema. "Zililowa zote, bibi."

"Pole, baba."

Pole ile ndiyo iliyomvunja. Angetukanwa, angesimama. Nyundo ikamtoka mkononi. Akageuka, na sauti aliyoitoa ilisikika hadi kwenye mashamba.

"Acheni. Ni mimi. Nimekata mimi. Nimekata kwa mpira wa tyubu, nikidhani mpira hauvuji. Huyu hakukata. Mdogo wangu nimemuua mimi."

Halafu Felisiani, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuliwa tangu asubuhi na haukujua pa kushukia, alimtandika Valerian mnyororo usoni. Ndoano ya mwisho wa mnyororo ikaingia jichoni. Valerian akapiga magoti bila kulia, wala hakujikinga. Wakamwangukia. Mateke ya mbavu, mateke ya kichwa, kigingi kile kile kilichokuwa na damu ya Leonsi. "Umetufanya tumuumize mtu bure," alikuwa akipiga kelele mmoja wao, na kwa kila neno teke. Mwingine akalikimbilia kopo la petroli. Lilikuwa tupu. Mtu alikuwa amelipindua kimyakimya, petroli yote iliyobaki ikanyonywa na mchanga, na hadi leo Malangali haijulikani ni nani. Mama Agnesi ana mtu anayemdhania, lakini hajamwuliza, kwa sababu jema likifanywa kwa siri liachwe kwenye siri yake.

Alilala juu ya Valerian. Mifupa yake ya kizee yote aliitandaza juu ya kijana yule aliyemvunja mwanawe vidole, khanga ikafunika vichwa vyao viwili. Teke moja likampata kiunoni. La pili halikuja.

"Anayesogea namkaanga."

Alikuwa Zita, muuza maandazi, mwanamke mnene asiyepandisha sauti hata sokoni. Alikuwa ameliepua karai zima jikoni kwa vitambaa viwili, mafuta yanafuka moshi, maandazi kadhaa bado yanaelea.

"Mama, weka chini hilo."

"Nimesema anayesogea."

Mmoja akasogea. Zita akachota kwa upawa akammwagia mguuni. Jamaa aliruka akipiga mayowe, akakimbilia kwenye dimbwi, na harufu ya ngozi na ngano ikajaa bandani.

"Huyo ni wa kwanza. Karai limejaa. Nani mwingine ana njaa?"

Hakuna aliyekuwa na njaa. Mtu wa nyuma akacheka, kicheko kile cha woga kinachomtoka mtu msibani, na kicheko kile kikawaaibisha wote. Tairi likabaki pale. Mmoja akaondoka, wawili wakaondoka, pikipiki zikawashwa. Felisiani aliufungua mnyororo kwenye ngumi, ulikuwa umemkata mwenyewe hadi nyama. Akamtazama bibi, akapanda pikipiki yake. Benjamini peke yake alirudi, akavua shati, akafunga nalo mkono wa Leonsi, huku Zita akimmwagia Leonsi ndoo za maji kuondoa petroli machoni, na gari la polisi lilipofika walikuta watu watatu wamelala kwenye matope mekundu, na mwanamke amesimama na karai.

Hospitali walimkata Leonsi vidole viwili, na vilivyobaki vikakauka vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Valerian alitoka na jicho moja na taya lililoungwa kwa waya. Walilazwa wodi moja. Kristiana alikuja kutoka bondeni amefunga kitambaa cha msiba, akakaa katikati ya vitanda viwili, akamlisha huyu uji kijiko kimoja na huyu kijiko kimoja. Leonsi alifungua mdomo akala, lakini macho yake aliyaelekeza ukutani.

Askari walipouliza, Leonsi alitikisa kichwa tu. Mama yake alidhani ni msamaha. Baadaye alielewa kwamba sivyo, ilikuwa ni kuchoka.

Mvua zilipokwisha, Valerian alikuja bandani. Alisalimia kutoka barabarani, akakaa chini, siyo kwenye benchi. Siku ile Leonsi hakuwa na kazi. Alikuwa amejaribu kugonga kadi kwa mkono wa kushoto na ameichana. Valerian akaiokota nyundo ndogo. Leonsi alisimama ghafla, uso umemgeuka, mkono mzima umekwisha kushika spana. Valerian hakukimbia. Aliinamisha kichwa, shingo wazi, akasubiri. Spana ilikaa juu muda mrefu. Kisha Leonsi akaitupa kwenye bati, likalia vijiji vyote vikasikia, akatoka kwenda kukojoa.

Valerian akarudi kesho yake, na kesho yake. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemfukuza. Mama Agnesi alimwekea chai. Alimfundisha kuilaza kadi, kuigonga ukingoni polepole, kuitoboa kwa bomba la mwavuli. Leonsi alizichukua zilizokwisha, akazitazama kwenye mwanga, akazichana moja baada ya nyingine bila neno, na Valerian akachukua kadi nyingine. Yalipita majina mengi ya maharusi yakichanwa hivyo. Wateja walikuja, wakasalimia, wakatazama pembeni. Felisiani hakuja, alianza kupita njia ya juu, na siku alipokutana na bibi kanisani shikamoo ilimkwama mdomoni.

Asubuhi moja Valerian alikata moja safi. Ukingo ulikuwa laini, matundu yamekaa sawasawa, sabuni imesuguliwa pande zote. Aliisukuma juu ya benchi kwa kidole, akarudisha mkono haraka.

Leonsi aliichukua kwa mkono wake uliopinda. Akaizungusha kwenye mwanga. Akaipima juu ya kabureta, ikakaa. Mama Agnesi alisimamisha mkasi. Alikuwa amekwisha kuona kilichokosekana, kwa sababu Valerian, tangu siku ile, alikuwa hawezi kukikata kile kijiulimi. Kila alipofika pale mkono ulimsinyaa, akapapita.

Leonsi hakuichana. Aliirudisha juu ya benchi, akachukua kadi mpya, akaiweka mbele ya Valerian, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyovunjwa vidole akamtazama kwenye jicho lililobaki.

"Sikio," alisema.